Muulize Mzee wa Usukani: Makanisa ya kale ya njiani

Mwezi uliopita niliandika mistari minne tu kuhusu lile kanisa dogo la Mai Mahiu, nikimjibu mtu aliyeuliza pa kusimamisha gari likichemka. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Kisumu hadi Molo, na nusu yake zinauliza habari za makanisa ya Kikatoliki ya zamani: yako wapi, nani aliyajenga, asiye wa dini hiyo aingieje. Basi mambo ya pancha, mizigo iliyopotea na nauli za Desemba yatasubiri.

Kwa wasionijua, niliendesha mabasi ya masafa marefu miaka 31. Kisumu hadi Kampala, Kisumu hadi Mombasa, na mwishoni Nairobi hadi Dar es Salaam. Basi likifika, abiria hutawanyika na dereva hubaki na saa nane za kungoja zamu. Wenzangu walizimalizia baa. Mimi nilizimalizia makanisani, wala si kwa utakatifu. Mle ndani kuna baridi, kuna benchi, na hakuna anayekuja kukuuzia soksi.

Shikamoo Mzee. Mama yangu ana miaka 74 na kila mwaka husema hatakufa kabla hajafika Namugongo. Nataka nimpeleke mwaka ujao. Twende tarehe 3 Juni na mahujaji wengine, au siku nyingine? Na pale Kampala kuna kanisa gani la kale asilolikosa?
*Binti wa Kondele, Kisumu*

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama angali ana miguu.

Tarehe 3 Juni Namugongo ni bahari ya watu. Wengine hutembea kwa miguu kutoka huku kwetu Kenya, siku baada ya siku, rozari mkononi na ndara zimekwisha visigino. Ni jambo la kuona, sikatai. Lakini mama wa miaka 74 ataona migongo na miavuli, kisha atatafuta choo kwa saa nzima. Mpeleke mwezi wa pili au wa nane, siku ya kazi, asubuhi. Atapata kukaa karibu na altare mpaka aseme mwenyewe kwamba ametosheka.

Chukueni basi la mapema. Kitambulisho cha Kenya kinatosha mpakani Busia, ila hakikisha cha mama hakijafutika picha. Vya wazee wetu vingi vimefutika kwa kukaa kwenye leso. Mkishavuka Nile pale Jinja, anza kumkumbusha kondakta kwamba nyinyi mnashuka Kireka. Namugongo iko kabla ya mji. Nimewaona watu wengi wakipelekwa hadi katikati ya Kampala, wakalipa tena kurudi walikotoka, na foleni ya Kampala si ya kumwonyesha mgeni.

Kanisa lenyewe halifanani na kanisa ulilolizoea. Ni duara, limechongoka juu, kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda. Limebebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Mwambie mama azihesabu. Kila niliyempeleka pale alianza kwa kuhesabu, na kila mmoja alikosea mara ya kwanza. Papa Paulo wa Sita alifika hapo mwaka 1969, na kanisa hili likafunguliwa mwaka 1975. Mahali lilipo ndipo Karoli Lwanga, kiongozi wa mashahidi hao, alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Waanglikana nao wana eneo lao la ukumbusho jirani, kwa mashahidi wao waliokufa siku hizo hizo. Mkiwa na nguvu, piteni huko pia. Moto haukuwauliza dhehebu.

Sasa la kale. Namugongo ni la juzi kwa hesabu za makanisa. Mpandishe mama kilima cha Rubaga kwa teksi, asipande kwa miguu. Kanisa kuu la Rubaga ni la matofali, lina minara miwili, lilianza kujengwa 1914 na kuwekwa wakfu 1925. Maana yake Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa vikaisha watu wale bado wanapanga matofali. Mle ndani kuna kaburi la Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mganda aliyefanywa askofu mwaka 1939, wakati ambapo bara zima lilikuwa karibu halina askofu Mkatoliki mweusi. Na kuna kisa ambacho hunifanya nitikise kichwa kila nikifika: kilima hicho Mapadri Weupe, wamisionari wa kutoka Ufaransa wenye kanzu nyeupe, walipewa na Kabaka Mwanga, yule yule aliyeamuru vijana wa Namugongo wauawe. Siasa za Buganda zilikuwa na kona kuliko barabara ya Timboroa.

Kama mama bado ana pumzi, malizieni Nsambya, na hapo ndipo penye habari yenu. Mapadri wa Mill Hill walifika Nsambya mwaka 1895. Waliletwa makusudi kwa sababu Buganda ya siku zile ilikuwa imepigana vita, Waprotestanti wakiitwa Waingereza na Wakatoliki wakiitwa Wafaransa. Ikaonekana bora waletwe mapadri kutoka Uingereza, ili watu waone kwamba Ukatoliki si mali ya Ufaransa. Ni hao hao wa Nsambya waliovuka ziwa kuja upande wetu, wakafungua misheni Kisumu mwaka 1903, reli ikiwa imefika mwishoni mwa 1901. Mpaka 1925 Wakatoliki wa magharibi mwa Kenya walikuwa chini ya askofu wa Uganda. Kwa hiyo ikiwa mama yako alibatizwa Kibuye au Ojola, dini yake haikupanda kutoka Mombasa kama watu wanavyodhani. Ilikuja kutoka huko mnakokwenda. Mwambie hayo mkiwa mmekaa kwenye benchi la Nsambya, usimwambie kwenye basi. Kwenye basi atalala.

Mzee, mimi huuza viatu vya mitumba, kila Jumanne nateremka Gikomba kuchukua mzigo. Dereva wetu anasema kanisa la Mai Mahiu ni la Wareno, makanga anasema la Wajerumani. Nani mkweli?
*Mama Viatu, Nakuru*

Hakuna hata mmoja, dada yangu, na wote wawili wanapita pale kila siku! Ni la Waitaliano. Waingereza walipowashinda Waitaliano Ethiopia na Somalia mwaka 1941, walileta maelfu ya wafungwa wa vita Kenya. Wafungwa hao ndio waliochonga ile barabara ya chini inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa. Mwaka 1942 wakajijengea hicho kikanisa kando ya kazi yao, wakakipa jina la Maria wa Malaika. Watu kumi na wawili wakikaa vizuri, limejaa. Ukilitazama kwa haraka kutoka dirishani utadhani ni kituo cha kulipia ushuru.

Mimi nililifahamu kwa shida. Nilikuwa nateremka na abiria 62, breki zikaanza kunuka. Mtu ambaye hajawahi kunusa breki zinazoungua kwenye mteremko ule hajui harufu ya hofu. Nikaliweka basi kando, nikatia mawe kwenye magurudumu, nikasubiri vyuma vipoe. Mama mmoja akaingia kanisani, wakamfuata watatu, mwishowe abiria wote wakawa wanaingia kwa zamu kama wanaokwenda kupiga kura. Mimi niliingia wa mwisho. Nilichokiona ni ustadi wa watu wasio na vifaa: mawe yamekatwa sawasawa, tao la mlango limekaa barabara, na kila kitu kiko kwa kipimo cha mtu mfupi. Walijenga wakiwa wafungwa, mbali na kwao, wenzao wakifa kazini. Hawakulipua kazi.

Ukimkuta mlinzi hayupo, waulize wauza mahindi ya kuchoma aliye na ufunguo. Na ukivuka barabara, tazama juu mlimani kabla hujatazama kushoto na kulia. Malori yanakuja yamebanwa na uzito wake.

Ukitaka la karibu zaidi na Nakuru, kuna Subukia, pahali pa hija ya Bikira Maria pa taifa. Si la kale, hilo ni la maji ya chemchemi na kupanda kilima. Wakristo hujaa mwanzoni mwa Oktoba. Beba chupa tupu na sweta.

Asalaam aleikum Mzee. Mimi ni Mwislamu wa Mumias. Tangu utoto napita nje ya kanisa la misheni na kutamani kuona ndani. Je, nikiingia nitakuwa nimekosea? Kuna mambo ya kufanya au kutofanya?
*Jirani wa Msikiti, Mumias*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa maana mimi pia huingia kwa mguu wa mgeni.

Mimi ni mtoto wa Tiriki, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale waliofika Kaimosi mwaka 1902 kutoka Marekani. Kwetu hakuna altare, hakuna sanamu, hatubatizi kwa maji wala hatugawi mkate. Kuta nyeupe, benchi, wimbo, na kunyamaza. Kisha nikampenda Mwisukha, binti wa Mukumu, Mkatoliki wa kufa na kupona. Siku nilipokwenda kanisani kwao mara ya kwanza, nilikuwa nimetembea kwenye vumbi la Khayega tangu asubuhi. Mlangoni nikaona kibakuli cha maji. Nikasema moyoni, hawa watu wana ustaarabu, wamewawekea wageni maji ya kunawa. Nikanawa uso. Nikanawa na shingo. Mchumba wangu alinifinya hadi leo alama ipo. Yale yalikuwa maji ya baraka; wao huchovya ncha ya kidole na kufanya ishara ya msalaba. Mama mkwe alisema, "Mwacheni, angalau ameingia akiwa safi," na nadhani hapo ndipo aliponikubali.

Kwa hiyo wewe pita kibakuli hicho bila wasiwasi. Hulazimiki kuchovya, kupiga goti wala kufanya ishara yoyote. Hakuna atakayekuuliza kadi. Vua kofia, isipokuwa kama ni kofia yako ya ibada na umeuliza ukaruhusiwa. Mimi nimeona wazee wa Kiislamu wakiachwa na zao. Viatu usivue. Hilo huwachanganya ndugu zangu Waislamu, husimama mlangoni wanatafuta pa kuviweka. Mbele utaona taa ndogo nyekundu inayowaka mchana na usiku. Karibu nayo kuna kisanduku, tabernakulo, na ndani yake mna Ekaristi, mkate uliowekwa wakfu, ambao kwao ni Kristo mwenyewe. Ndiyo sababu Mkatoliki akifika usawa huo hupiga goti moja. Wewe tulia tu, usipite mbele ya altare kama unayekatiza uwanja wa mpira, na usipande ngazi zake. Ukikuta misa inaendelea, kaa benchi la nyuma. Watu wakipanga mstari kwenda kupokea mkate huo, bakia pale pale ulipokaa. Wengine hufuata mstari kwa kudhani ni sadaka, kisha wanafika mbele ya padri hawajui waseme nini.

Nenda siku isiyo Jumapili, kati ya saa nne na saa saba, umtafute katekista. Padri ana mazishi, ana mikutano, ana gari bovu. Katekista ndiye mwenye funguo na ndiye mwenye habari. Kule kwenu misheni ilifunguliwa 1904, Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, akiwa bado anatawala, na huyo Nabongo mwenyewe alikuwa Mwislamu. Muulize katekista wazee wanasemaje juu ya jinsi watu wa Mzee Mumia walivyowapokea wale mapadri. Wewe ukiwa mtoto wa msikiti wa pale pale, mtakuwa na mengi ya kubadilishana.

Mzee, nilikatazwa kupiga picha katika kanisa moja la kale eti kuna watu wanasali. Walikuwa watatu tu! Nimetoka mbali, nimelipa nauli. Hii ni haki?
*Mpiga Picha, Kakamega*

Watatu ni watu, kijana. Ndiyo, ni haki.

Mtu anayesali saa sita mchana siku ya Jumatano mara nyingi ana jambo zito: mgonjwa, mahakama, mtoto asiyerudi nyumbani. Wewe unamwashia taa ya kamera machoni. Kaa kwanza robo saa, simu mfukoni. Kisha omba ruhusa, zima mwanga, na upige bila kumweka mtu yeyote kwenye picha. Na ukikuta harusi, wewe si mwalikwa. Nimemaliza.

Mbona kila siku unatutuma Kampala na Dar? Huku magharibi hatuna makanisa ya kale?
*Mzalendo, Bungoma*

Tunayo, bwana, tena tunayapita tukienda sokoni.

Anza na Mukumu, kando ya barabara ya Kisumu na Kakamega, misheni ya mwaka 1906, Moyo Mtakatifu wa Yesu. Hilo nalijua kuliko jikoni kwangu, kwa kuwa ndipo nilipofungia ndoa. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alinisimulia kwamba walipokuwa wakijifunza sakramenti, kila mtoto alipewa mzigo wake wa ujenzi: wavulana matofali, wasichana maji ya kukandia udongo. Ukichelewa darasani, unaongezewa tofali. Alinionyesha upande wa ukuta aliosema ni wake. Hakusema "tulioujenga." Alisema "wangu." Tangu siku hiyo, nikiingia kanisa lolote la zamani, huwa natazama matofali kwanza kabla ya vioo vya rangi. Utaona yaliyoungua sana yakawa meusi, na yaliyokaa mbali na moto yakabaki mekundu hafifu. Mara nyingine kuna alama ya kidole cha mtu. Mnara ulichorwa na mzungu, lakini kidole kile ni cha nani? Muulize katekista. Hapo ndipo utaambiwa mambo.

Nenda Nyabururu, Kisii, iliyofunguliwa 1911. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakapigana na Waingereza Kisii, na katika vurugu hiyo misheni ikaporwa. Wakaanza upya. Halafu kuna Kibuye hapa Kisumu, Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia. Nakushauri uende Jumapili baada ya misa, utoke kanisani uingie moja kwa moja kwenye soko la Kibuye, kwa maana Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Mtu hutoka na harufu ya ubani nguoni, hatua mia mbili mbele ananunua omena. Sijui mji mwingine ninaoupenda namna hiyo.

Na wewe wa Bungoma usijisahau. Kardinali wa kwanza wa Kenya, Maurice Otunga, alizaliwa kwenu Chebukwa mwaka 1923, mtoto wa Chifu Sudi. Badala ya kulalamika, panda boda boda.

Mzee, mwezi wa tano uliandika kwamba kanisa Katoliki la Zanzibar lenye minara miwili lilijengwa juu ya soko la watumwa. Nimeishi Mji Mkongwe miaka minne. Sivyo.
*Msomaji wa Milimani, Kisumu*

Umenishika, na sina pa kukimbilia. Nilichanganya makanisa mawili.

Lililo juu ya soko la watumwa ni la Waanglikana, pale Mkunazini. Soko lilifungwa mwaka 1873, na ujenzi ukaanza mwaka huo huo chini ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyejifunza Kiswahili hadi akawa mwalimu wa wengine. Altare yake iko mahali watu wanapoeleza kwamba palikuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Katoliki, Mtakatifu Yosefu, ni jengo jingine kabisa. Lilijengwa na mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu kati ya 1893 na 1898, na wenyeji huliita Minara Miwili. Ukija na meli kutoka Dar ndiyo unayoiona ikichomoza juu ya mapaa ya mabati. Mlango wake wa mbele mara nyingi hufungwa, zunguka nyuma.

Kosa kama langu liko pia Dar es Salaam, na makuli wa bandarini walinicheka kwa hilo. Ukitoka kwenye boti ya Zanzibar, kanisa linalokutazama ng'ambo ya barabara ni Mtakatifu Yosefu, Katoliki, kazi ya Wajerumani ya 1897 hadi 1902, lenye mnara mrefu uliochongoka. Mbele kidogo kuna jingine lenye paa jekundu. Hilo ni Azania Front, la Walutheri. Niliwahi kukaa humo saa nzima nikitafuta taa nyekundu ya tabernakulo.

Na kwa kuwa nimetubu, acha nilipe faini kwa kukupa Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni huko 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa la kwanza bado upo. Mwezi wa pili 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Vibao vyote pale vinamsifu Livingstone. Mimi nilikaa nikiwawaza watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, waliombeba kwa miguu miezi mingi kutoka ndani kabisa ya bara hadi pwani. Mzungu amekufa, hakuna wa kuwalipa, njia imejaa vita na homa, nao hawakuutupa mzigo. Kazi yangu ilikuwa kufikisha watu na mizigo. Naielewa hiyo.

Binti yangu anatunza wazee Ujerumani na amenialika. Tutapita Roma siku mbili. Nivae nini, na ni kweli makanisa ya huko hulipiwa?
*Mama wa Maragoli*

Hongera mama, na umshukuru binti. Basi langu halikuvuka bahari, lakini shemeji yangu ni sista na alikaa Roma miaka mitano, kwa hiyo nakupa maneno yake.

Vazi lako la Jumapili la Maragoli litakufikisha popote: mabega yamefunikwa, magoti yamefunikwa. Wanaorudishwa mlangoni Mtakatifu Petro ni watalii wenye kaptura. Leso moja mkobani haikosi kazi. Kuingia basilika hilo ni bure, unacholipia ni kupanda juu ya kuba. Foleni ndefu unayoiona ni ya ukaguzi, kama uwanja wa ndege. Nenda saa moja asubuhi. Sista anasema watu hushangaa wakiambiwa kwamba kanisa kuu la askofu wa Roma si Mtakatifu Petro, ni Yohane wa Laterani. Nenda pia Maria Mkuu, ndiko alikozikwa Papa Fransisko mwaka 2025, kaburi lisilo na mbwembwe, jina tu kwa Kilatini.

Huko Ujerumani mwambie binti akupeleke Köln. Kanisa kuu liko mlangoni pa stesheni ya treni, huwezi kupotea. Walianza 1248 wakamaliza 1880. Usikubali kupandishwa mnarani: ngazi ni 533.

Mzee, katika yote hayo, kanisa gani lilikufurahisha zaidi? Ni la kuandikia insha.
*Mwanafunzi wa Kidato cha Pili, Vihiga*

Jina lake silijui hadi leo, mjukuu wangu, kwa hiyo mwalimu wako atalalamika.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, narudi kutoka Kampala usiku. Mbele kidogo ya Yala mkanda wa injini ukakatika. Saa tisa na nusu usiku, mvua ya magharibi unayoijua, abiria zaidi ya hamsini, watoto wachanga wanne. Kwa mwanga wa radi nikaona msalaba juu ya paa la mabati. Tukaenda. Mlango haukuwa na kufuli, ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mkonge.

Tukalala kwenye mabenchi. Wengine walikuwa Waadventista, wengine Waislamu wa Busia, mmoja alikuwa mganga na vibuyu vyake. Kulipopambazuka ndipo nilipoona tulikolala. Kanisa la udongo na matofali mabichi, limepakwa chokaa, na ukutani mtu alikuwa amechora vituo vyote 14 vya njia ya msalaba kwa makaa na udongo mwekundu. Askari wa Pilato walikuwa wamevaa kaptura na kofia ndefu za polisi wa mkoloni. Simoni wa Kirene alikuwa amebeba msalaba kwa ngata kichwani, kama mtu wa kwetu anayebeba kuni. Nimeona dari zenye dhahabu, lakini mbele ya Simoni yule ndipo niliposimama muda mrefu zaidi.

Saa kumi na mbili akaja bibi mmoja na ufagio. Akatutazama, tulivyojaa tope, akaenda zake bila neno. Akarudi na sufuria la chai ya rangi na vikombe saba, tukanywa kwa zamu. Fundi alipofika na mkanda mpya nikawaita abiria, bibi akasimama mlangoni na ufagio wake. Hakuna aliyetoka mpaka tope lote limeondolewa na mabenchi yamerudishwa kwenye mstari, na mganga ndiye aliyeshika upande mmoja wa benchi la mwisho.